Kanuni inakaa wapi? Uchambuzi wa programu ndogo ya kuazima vitabu

Programu ninayoichambua hapa ni ndogo: maktaba ya kikundi, wanachama wake, vitabu, na dawati ambapo mtu anachukua kitabu au kukirudisha. Hakuna malipo, hakuna ramani, hakuna ujumbe wa papo kwa papo. Ilijengwa na watu wawili kwa lugha ya PHP na hifadhidata ya SQLite, ikapitia sura tatu kabla ya kutulia. Sura ya kwanza ilikuwa faili moja kwa kila ukurasa. Ya pili ilikuwa na folda tatu zenye majina yanayojulikana: modeli, mionekano, vidhibiti. Ya tatu ilikuwa na folda zilezile, ila vilivyomo ndani vilikuwa vimehama. Nitakaa zaidi kwenye safari ya kutoka ya pili kwenda ya tatu, maana hapo ndipo wengi wanaojifunza MVC (mtindo wa kugawa programu katika modeli, mionekano na vidhibiti) wanapokwama huku wakidhani wamefika.

Kanuni za maktaba zilikuwa chache. Mwanachama hashiki vitabu zaidi ya vitatu kwa wakati mmoja. Kitabu kinakaa nje siku 14. Mwenye kitabu kilichochelewa haazimi kingine mpaka arudishe. Na nakala moja haiwezi kuwa mikononi mwa watu wawili. Kanuni hii ya mwisho hakuna aliyeona haja ya kuiandika popote, na baadaye ndiyo iliyodai kazi kubwa kuliko zote.

Kila kitu ndani ya faili moja

Faili ya azima.php ilifanya kila kitu. Ilifungua hifadhidata, ikasoma fomu, ikahesabu vitabu alivyonavyo mwanachama, ikaandika mstari mpya kwenye jedwali la uazimaji, kisha ikachapa HTML, yaani msimbo wa ukurasa unaosomwa na kivinjari. Faili ya rudisha.php ilifanya hivyohivyo kwa upande wake, na nyingine zikafuata mkondo huo. Mtindo huu haustahili kudharauliwa. Kwa ukurasa mmoja hakuna njia ya haraka zaidi, na PHP yenyewe ilianza hivyo mwaka 1995, Rasmus Lerdorf alipotoa hadharani zana alizojitengenezea kwa ajili ya ukurasa wake binafsi. Tabu huanza kurasa zinapokuwa nyingi na zote zinagusa mambo yaleyale.

Dosari ya kwanza ilitokana na ritifaa, ile alama ya ' . Mtu aliandikisha kitabu chenye neno "ng'ombe" kwenye jina lake, ukurasa ukaanguka. Sentensi ya SQL, lugha ya kuagiza hifadhidata, ilikuwa imeundwa kwa kubandika maandishi ya fomu kati ya alama mbili za nukuu, ambazo kwenye SQL ni ritifaa. Ritifaa ya ng'ombe ikaifunga nukuu kabla ya wakati wake, na "ombe" likabaki nje kama amri isiyoeleweka. Upenyo huohuo ndio anaoutumia mtu mwenye nia mbaya kuingiza amri zake kwenye hifadhidata.

Tiba ya haraka waliyoichagua ilikuwa kupitisha kila kinachotoka kwenye fomu ndani ya htmlspecialchars, kitendakazi cha PHP cha kugeuza herufi zenye maana maalumu kwenye HTML, kabla ya kuhifadhi. Ukurasa ukaacha kuanguka, kwa kuwa ritifaa sasa iliingia kwenye hifadhidata ikiwa imegeuzwa kuwa `&#039;`. Lakini utafutaji wowote usiopita kwenye mashine hiyohiyo ya kugeuza herufi haukupata kitu, na orodha iliyopakuliwa kwenda kwenye lahajedwali ikaonyesha `ng&#039;ombe` waziwazi. Upenyo nao haukuzibwa sawasawa: htmlspecialchars haikuundwa kwa ajili ya SQL, na thamani inayobandikwa mahali pa namba, bila nukuu, inapita vilevile.

Nimekieleza kisa cha ritifaa kwa kirefu kwa sababu ndani yake mgawanyo wa MVC unajieleza bila nadharia. Herufi moja ina hatari mbili katika sehemu mbili tofauti. Kwenye hifadhidata, dawa ni sentensi ya SQL yenye alama ya kuuliza mahali pa thamani, na thamani yenyewe ikapelekwa kando. Hiyo ni kazi ya modeli. Kwenye ukurasa, hatari ni herufi kama `<` zinazoweza kusomwa na kivinjari kama msimbo, na dawa yake ni kuzigeuza wakati wa kuchapa. Hiyo ni kazi ya mwonekano. Kati ya sehemu hizo mbili, jina la kitabu linabaki lilivyoandikwa. Ukichanganya kazi hizi mbili katika faili moja, utaweka dawa ya hapa kwenye jeraha la kule, na itaonekana kama imefanya kazi.

Dosari ya pili ilikuwa kiungo cha "Rudisha" kilichoandikwa kama kiungo cha kawaida: rudisha.php ikifuatiwa na namba ya nakala. Kubofya kiungo hutuma ombi la GET, na kanuni za HTTP, utaratibu wa mawasiliano ya kivinjari na seva, zinasema GET ni ya kusoma tu, haitakiwi kubadilisha kitu. Siku moja kompyuta ya dawati iliwashwa upya, kivinjari kikarejesha vichupo vilivyokuwa wazi, na kimojawapo kilikuwa cha anwani hiyo. Nakala ambayo ilikuwa imeshaazimwa na mtu mwingine ikaandikwa kuwa imerudi. Jambo hili lina historia pana. Mwaka 2005 Google ilitoa chombo cha kuharakisha wavuti kilichovuta viungo vya ukurasa mapema kabla mtumiaji hajabofya, na programu zilizokuwa na viungo vya "Futa" vya aina hiyo zikajikuta zikipoteza taarifa za watumiaji wao.

Dosari ya tatu ndiyo iliyoleta uamuzi wa kujenga upya. Wanachama waliomba waweze kupeana kitabu wao kwa wao bila kukipitisha dawatini, na ukurasa wa kuhamisha ukaandikwa. Uliandika mstari mpya kwenye jedwali la uazimaji, lakini haukuhesabu. Baada ya muda, watu kadhaa walionekana na vitabu vinne, mmoja vitano, na msimamizi hakuelewa imekuwaje wakati kila akijaribu dawatini mfumo ulimkatalia.

Folda tatu, tatizo lilelile

Sura ya pili ilionekana nzuri. Faili moja ya kuingilia, index.php, ilipokea maombi yote na kuyapeleka kwa kidhibiti kinachohusika. HTML ilihamia kwenye folda ya mionekano. SQL ilihamia kwenye folda ya modeli, safari hii ikiwa na alama za kuuliza mahali pa thamani. Kurudisha kitabu kukawa kitufe ndani ya fomu, kwa POST, aina ya ombi la kubadilisha taarifa. Mafanikio hayo ni ya kweli na sitaki yapite bila kutajwa: dosari mbili za kwanza ziliondoka moja kwa moja.

Ya tatu haikuondoka, ingawa ilionekana imeondoka. Kuhesabu vitabu kulikuwa kumehamia kwenye kidhibiti cha uazimaji. Kidhibiti cha kuhamisha kilipewa nakala ya masharti hayohayo, mstari kwa mstari. Modeli ya Mwanachama ilikuwa na jina, namba na tarehe ya kujiunga, pamoja na njia ya kusoma na kuhifadhi. Haikujua lolote kuhusu kuazima. Ilikuwa mstari wa jedwali uliovalishwa jina la darasa (class), basi.

Kisha likaongezwa dawati la pili, mahali ambapo intaneti haikuwa ya kutegemewa. Mhudumu wa huko aliandika kwenye lahajedwali, na jioni lahajedwali hilo likaingizwa kwenye mfumo kwa programu fupi iliyoendeshwa kwa mstari wa amri. Programu hiyo haikuwa na ombi la HTTP, kwa hiyo haikuwa na kidhibiti. Iliita modeli moja kwa moja, kama inavyostahili, na modeli ikakubali kila ilichopewa. Wanachama wenye vitabu vitano wakaonekana tena.

Kwa kupima programu ya namna hii huwa nina swali moja: seva ya wavuti ikizimwa kabisa, kanuni bado ipo? Kama kanuni inaondoka na seva, basi iko kwenye kidhibiti, na kila njia mpya ya kuingilia itakuja bila kanuni mpaka mtu akumbuke kuinakili. Folda tatu hazijibu swali hilo. Unaweza kuwa nazo zote, majina yakiwa sahihi, na jibu likawa hapana.

Asili ya wazo lenyewe inasaidia hapa. MVC ilibuniwa na Trygve Reenskaug, Mnorwei aliyekuwa mgeni kwenye maabara ya Xerox PARC huko California, katika miaka ya 1978 na 1979, kwa ajili ya lugha ya programu ya Smalltalk. Kila kitu kilikuwa ndani ya kompyuta moja. Mwonekano ulikaa kwenye skrini ukiiangalia modeli, modeli ikibadilika ilitoa taarifa, na kidhibiti kilishughulika na kibodi na kipanya. Kwenye wavuti mambo hayaendi hivyo: kivinjari kinatuma ombi, seva inajibu, na mwonekano uliochorwa unakwenda zake. Kwa hiyo MVC ya fremwaki (mifumo tayari ya kujengea programu za wavuti) kama Rails iliyotoka 2004, au Laravel iliyotoka 2011, imeazima jina na sehemu ya wazo. Django, ya mwaka 2005, inaita "mwonekano" kile ambacho wengine wanaita kidhibiti, na ukurasa inauita kiolezo. Kubishana juu ya majina haya kunawamalizia wanafunzi muda. Kilichovuka salama tangu 1979 ni jambo moja: modeli inabeba maarifa ya kazi inayofanywa, na haijui ni nani anayeitazama. Modeli ya maktaba isiyojua kikomo cha vitabu haijabeba maarifa ya maktaba.

Kuihamisha kanuni

Katika sura ya tatu lilizaliwa darasa moja kwenye folda ya modeli, likaitwa Dawati. Lina kazi tatu tu: kuazimisha, kupokea, kuhamisha. Hii ndiyo ya kwanza:

```php
public function azimisha(Mwanachama $m, Nakala $n, DateTimeImmutable $leo): Uazimaji
{
    if ($m->anaKilichochelewa($leo)) {
        throw new UazimajiUmekataliwa('ana_kilichochelewa');
    }
    if ($m->vitabuAlivyonavyo() >= self::KIKOMO) {
        throw new UazimajiUmekataliwa('amefikia_kikomo');
    }
    return $this->ghala->andika($m, $n, $leo, $leo->modify('+14 days'));
}
```

Angalia mambo ambayo hayamo. Hakuna fomu, hakuna anwani ya ukurasa, hakuna HTML, hakuna sentensi ya Kiswahili ya kumwonyesha mtumiaji. Kukataa kunatolewa kama sababu fupi, na anayepokea anaamua aiseme vipi: ukurasa utaandika maelezo ya upole, programu ya lahajedwali itaandika namba ya mstari uliokataliwa. Angalia pia kwamba tarehe ya leo inatoka nje. Modeli ikiuliza saa ya kompyuta yenyewe, huwezi kujaribu kanuni ya siku 14 bila kusubiri siku 14 au kuchezea saa ya mashine. Ikipewa tarehe, jaribio ni mistari michache na linakwisha papo hapo.

Lile swali la `anaKilichochelewa` lilifichua dosari ambayo hakuna aliyekuwa ameilalamikia. Kabla ya hapo, neno "kimechelewa" liliamuliwa ndani ya mionekano. Kwenye orodha ya vitabu sharti lilikuwa tarehe ya mwisho iwe ndogo kuliko leo. Kwenye ukurasa wa mwanachama lilikuwa ndogo au sawa na leo. Kwa hiyo siku ya kumi na nne, kitabu kilekile kilikuwa chekundu kwenye ukurasa mmoja na kikawa sawa kwenye mwingine, na dawatini jibu la mhudumu lilitegemea alikuwa ameufungua upi. Swali la ikiwa siku ya mwisho imo au haimo ni la maktaba, na jibu lake linastahili kuandikwa mara moja. Waliamua imo: kitabu kinachelewa kuanzia kesho yake. Mwonekano sasa unauliza ndiyo au hapana, kisha unachagua rangi.

Kidhibiti kikabaki hivi:

```php
public function hifadhi(Ombi $ombi): Jibu
{
    $m = $this->wanachama->tafuta($ombi->fomu('mwanachama'));
    $n = $this->nakala->tafuta($ombi->fomu('nakala'));
    try {
        $this->dawati->azimisha($m, $n, $this->saa->leo());
    } catch (UazimajiUmekataliwa $k) {
        return $this->onyesha('uazimaji/fomu', ['sababu' => $k->sababu()], 422);
    }
    return $this->elekeza('/wanachama/' . $m->namba(), 303);
}
```

Napenda kidhibiti kisomeke namna hii: kinapokea, kinauliza, kinaamua mtu aende wapi. Zile namba mbili zina maana. Ombi likikataliwa, fomu inarudi na hali ya 422, yaani seva imeyaelewa maelezo ila haiwezi kuyatekeleza. Likikubaliwa, kivinjari kinaelekezwa kwa 303 kwenda kwenye ukurasa wa mwanachama, na kitaufungua kwa GET. Bila kuelekeza huko, mhudumu akipakia upya ukurasa, kivinjari kingeituma fomu mara ya pili.

Watu wawili kwa wakati mmoja

Hapa ndipo ile kanuni isiyoandikwa iliporudi. Modeli ingeweza kuuliza "nakala hii iko nje?" kabla ya kuandika, na kwa macho ya haraka hilo linatosha. Halitoshi. Maombi mawili yakifika karibu pamoja, la kwanza linauliza na kuambiwa nakala ipo, la pili linauliza na kuambiwa vilevile, kisha yote mawili yanaandika. Msimbo wa PHP hauoni kosa, kwa sababu kila ombi kwa upande wake lilifuata utaratibu. Anayeona yote mawili ni hifadhidata peke yake, kwa hiyo kanuni hii ilipelekwa huko:

```sql
CREATE UNIQUE INDEX nakala_moja_nje
ON uazimaji (nakala_id)
WHERE tarehe_ya_kurudi IS NULL;
```

Maana yake ni kwamba kati ya mistari ambayo kitabu chake hakijarudi, namba ya nakala haijirudii. Historia ya nyuma inabaki huru kuwa na mistari mingi ya nakala moja. Hifadhidata za SQLite na PostgreSQL zinakubali faharasa ya sehemu kama hii. MySQL haina, na huko ingebidi kutafuta njia nyingine. Ombi la pili sasa linakataliwa na hifadhidata, na modeli inaligeuza kosa hilo kuwa `UazimajiUmekataliwa` yenye sababu ya "iko nje", ili kidhibiti kisilazimike kujua ujumbe wa SQLite unasomekaje.

Kikomo cha vitabu vitatu kina hatari ya aina hiyohiyo, na faharasa haiwezi kuizuia kwa sababu ni suala la kuhesabu. Mwenye vitabu viwili akihudumiwa na madawati mawili kwa mara moja, kila upande unahesabu viwili na kuongeza cha tatu. Dawa ni kuweka kuhesabu na kuandika ndani ya muamala mmoja (hatua zinazofanyika zote au isifanyike hata moja) unaoanza kwa kushika nafasi ya kuandika. Kwa SQLite ni `BEGIN IMMEDIATE`, na kwa kuwa SQLite humruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati, wa pili anasubiri wa kwanza amalize. Kwa PostgreSQL ungeufunga mstari wa mwanachama kwa `SELECT ... FOR UPDATE`. Kwa maktaba ya madawati mawili wengine wataona hii ni tahadhari iliyozidi. Mimi sioni hivyo. Mistari yenyewe ni miwili, na dosari za aina hii zikitokea hazirudii mbele ya macho yako ukijaribu kuzichunguza.

Kuna wanaouliza kama kazi hii yote isingeepukwa kwa kuanza na fremwaki tangu siku ya kwanza. Sehemu ingeepukwa. Fremwaki nzuri inakupa njia za maombi, inageuza herufi za HTML yenyewe ndani ya violezo, inaandaa sentensi za SQL kwa usalama, na inakukinga na fomu zinazotumwa kutoka tovuti nyingine kwa jina la mtumiaji wako. Ritifaa ya ng'ombe isingeonekana. Lakini Laravel haijui kwamba maktaba hii inataka vitabu vitatu, na itakuruhusu uandike sharti hilo ndani ya kidhibiti bila kukuonya. Dosari ya lahajedwali ingetokea vilevile.

Baada ya muda kikomo chenyewe kilibadilika: wanachama waliokaa zaidi ya mwaka waliruhusiwa vitabu vitano. `KIKOMO` kilichokuwa namba ya kudumu kikawa swali analoulizwa mwanachama, jaribio moja likarekebishwa na jingine likaongezwa. Dawati, ukurasa wa kuhamisha na programu ya lahajedwali vikafuata bila kuguswa. Kilichosahaulika ni mwonekano wa fomu, ambao ujumbe wake wa kukataa ulikuwa umeandikwa kwa mkono, "Umeshafikisha vitabu vitatu", na ukawa unamwambia hivyo hata mwenye vitano. Sasa `UazimajiUmekataliwa` inabeba kikomo pamoja na sababu, na mwonekano unaichapa namba unayopewa.